Tarehe ya Kuunga Mfupa katika Nchi ya Kabete

Upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Nairobi, mtu akiisha kupita Westlands akashika barabara ya Lower Kabete, hufika mtaa wa Spring Valley, ambao leo watu huutaja kwa kuta zake ndefu, miti yake mikubwa na ukwasi wa wenyeji wake. Lakini ardhi ile ile, iliyokuwa ya mbari za Wakikuyu wa Kabete kabla ya kutwaliwa na dola ya Kiingereza na kugawanywa kuwa mashamba ya kahawa na makazi ya Wazungu, ina uhusiano wa siku nyingi na elimu ya mfupa, uhusiano ambao hapana aliyeukusudia na ambao, kwa sababu hiyo, haukupata kuandikwa mahali pamoja. Juu yake, huko Kabete, ilikuwapo misheni ya Kianglikana ambamo mwaka 1903 alizaliwa Louis Leakey, aliyeumaliza umri wake katika kufukua mifupa ya wahenga. Kando yake iko Upper Kabete, ambako utabibu wa wanyama umefundishwa kwa daraja ya chuo kikuu tangu shule hiyo ilipohamishwa kutoka Makerere mwaka 1962. Na chini yake, ukielekea mjini, ndipo kilipo kilima cha Makumbusho ya Taifa. Ndani ya mipaka hiyo midogo nataka kueleza tarehe ya sanaa moja, nayo ni sanaa ya kuunga mfupa uliovunjika na kuujaza mfupa uliopungua.

Nianze na maji, maadamu jina la mtaa lenyewe lataja chemchemi. Mwamba wa Nairobi ni wa volkano, na maji yavutwayo kutoka visima virefu vilivyochimbwa ndani yake, katika mitaa mingi ya mji, aghalabu huwa na floridi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kipimo cha mwisho kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi kidogo huyatia meno nguvu. Ikizidi huyatia madoa ya kahawia, kama wanavyojua sana watu wa Bonde la Ufa. Na ikizidi kwa miaka mingi huukakamaza uti wa mgongo na viungo, kwa sababu huingia ndani ya madini ya mfupa yaitwayo apataiti, ikashika mahali pa sehemu yake nyingine na kukaa hapo. Naitaja kwa kuwa yadhihirisha jambo ambalo matabibu walichelewa mno kulifahamu, kwamba mfupa si jiwe lililokufa ndani ya nyama: hupokea na kutoa, hubomolewa na kujengwa usiku na mchana, na kila kitu kiletwacho karibu yake ama hukipokea, ama hukikataa, ama hukizungushia ukuta wa utando na kukiacha humo kama mfungwa.

Katika hazina ya Makumbusho ya Taifa mna mifupa iliyopewa namba KNM-ER 1808, ambayo Kamoya Kimeu, mfukuaji hodari kuliko wote waliotokea katika nchi hizi, aliiona Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, mwaka 1973. Ni mifupa ya mtu mzima, adhaniwaye kuwa mwanamke, wa jamii ya Homo erectus, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, na sehemu yake kubwa imefunikwa na tabaka la mfupa mpya uliojijenga ovyo juu ya mfupa wa asili. Mwaka 1982 Alan Walker, Michael Zimmerman na Richard Leakey waliandika kwamba yamkini alidhuriwa na vitamini A, kwa kula maini ya wanyama walao nyama. Wengine waliokuja nyuma yao walipinga, wakasema ni buba, na mjadala haujakwisha. Mimi navutwa zaidi na neno jingine la Walker, kwamba maradhi hayo hayakumwua kwa siku moja, bali yalimlaza muda wa kutosha kwa tabaka lile kujijenga, na mtu wa hali ile hawezi kujitafutia maji wala kujikinga na fisi. Basi ilibidi awepo wa kumtunza. Hoja hiyo haina shahidi ila mfupa wenyewe, lakini ikiwa kweli, basi uuguzi una umri mkubwa kuliko hata lugha za wanadamu.

Kwa zama zisizohesabika uuguzi huo ndio uliokuwa tiba yote. Mganga wa viungo, wa bara na wa pwani, hikima yake ilikuwa mikononi: alipapasa penye jeraha akazisikia ncha za mfupa zikisagana, akaunyosha mguu huku jamaa wamemshika mgonjwa, akaufunga kwa mabanzi ya mti au ya mwanzi na kamba za magome, akaukanda kwa mafuta na majani aliyoyajua yeye, kisha akaamuru utulie. Katika pwani ujuzi huu ulikutana na elimu ya tiba ya Waarabu, ambayo Ibn Sina aliikusanya katika Kanuni yake mwanzoni mwa karne ya 11, akiusia pamoja na mengine kwamba magango yasifungwe haraka juu ya kiungo kilichovunjika, bali yangojee mpaka uvimbe utulie; na wasia huo ulikuwa na thamani kubwa, kwani gango likikazwa juu ya uvimbe huzuia damu, na kiungo huoza. Hospitali zetu zingali zinawapokea watoto waliofikwa na msiba huo, wala sioni sababu ya kuuficha kwa ajili ya kuwatukuza wazee. Hata hivyo dharau ya wale wamhesabuo mganga wa viungo kuwa mjinga siikubali, maana mivunjiko mingi ya kawaida ikinyoshwa na kutulizwa huunga yenyewe, naye alijua kwa tajiriba, pasipo darubini wala eksirei, ya kuwa mwungaji ni mfupa, na kazi ya mwanadamu ni kuulinda wakati ukifanya kazi yake.

Taabu ilikuwa pale mfupa ulipopungua. Wagusii wa magharibi mwa Kenya wana sanaa ambayo imewashangaza matabibu wa ulimwengu: mganga wao aitwaye omobari humpasua ngozi ya kichwa mtu aliyepigwa na kuumwa kichwa pasipo kukoma, akalikwangua fuvu pole pole mpaka akalitoboa, asiuguse utando wa ubongo. Edward Margetts, tabibu wa akili kutoka Kanada aliyehudumu katika hospitali ya Mathari hapa Nairobi katika miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuiandika, na waliopasuliwa wakaishi miaka mingi walikuwapo. Lakini tundu lilibaki tundu. Ngozi ilirudishwa juu yake, na chini ya ngozi hapakuwa na kitu cha kuukinga ubongo, kwa sababu mfupa, pamoja na ustadi wake wote, haujui kuvuka pengo lililopita kiasi.

Nairobi ya serikali haikuwa na jawabu bora kwa muda mrefu. Native Civil Hospital ilifunguliwa mwaka 1901, na vitanda 40, miaka miwili tu baada ya reli kufika. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo mwaka 1967 ndiyo iliyolea shule ya kwanza ya udaktari nchini. Huko mfupa ulitiwa plasta, yaani bendeji iliyopakwa unga wa jasi, uvumbuzi wa Antonius Mathijsen, tabibu wa jeshi la Uholanzi, katika miaka ya 1850; na baadaye ukatiwa vyuma. Vyote hivyo, tukivitazama kwa haki, ni magango yaliyoendelea, moja juu ya ngozi na jingine ndani ya nyama, na chuma kwa uimara wake wote hakina la kuuambia mfupa.

Juu ya kuujaza mfupa, Ulaya ilikuwa imejaribu mengi. Karibu na mwaka 1880 William Macewen wa Glasgow alimtengenezea mtoto mmoja mfupa wa mkono wa juu, uliokuwa umeliwa na usaha, kwa vipande vya mifupa ya miguu aliyowakata watoto wengine waliopindika kwa matege. Mwaka 1892 Mjerumani Dreesmann akaeleza jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa jasi ile ile ya plasta. Katika yote yaliyojaribiwa, lililoshinda na linaloshinda hata leo ni kumkopa mgonjwa mwenyewe: daktari hukata kipande cha mfupa wa nyonga, akakipeleka penye pengo, na kwa kuwa kina seli hai na ni cha mwili ule ule, hupokelewa. Ubaya wake ni kwamba majeraha huwa mawili badala ya moja, maumivu ya nyonga mara nyingine hudumu kuliko ya mguu, na nyonga ya mtoto haina cha kukopesha.

Jawabu jipya lilianzia katika vita. Mwaka 1967 Larry Hench, mtaalamu wa vigae na vioo wa Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa ndani ya basi akienda mkutanoni katika jimbo la New York, akaketi jirani ya kanali aliyekuwa ametoka Vietnam karibuni, ambaye alimwuliza kama wale watengenezao vitu vya kustahimili mionzi na moto waweza kutengeneza kitu kitakachostahimili mwili wa binadamu, kwa kuwa askari wengi walikuwa wakikatwa viungo kwa kukosa cha kuviungia. Hench hakuwa tabibu, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake, maana matabibu walikuwa wakitafuta kitu ambacho mwili haungekijali, ilhali yeye alitafuta kitu ambacho mwili ungekijibu. Mwaka 1969 aliyeyusha pamoja silika sehemu 45 kwa mia kwa uzito, magadi na chokaa 24.5 kila kimoja, na fosfeti 6, akapata kioo alichokiita Bioglass. Kikatiwa katika mifupa ya panya, na baada ya majuma sita mpasuaji akaleta habari kwamba vipande vile havitoki, vimegandamana na mfupa hata haviwezi kung'olewa.

Siri yake ni kwamba kioo hiki hakitulii. Kikiguswa na maji ya mwili hutoa sodiamu yake, uso wake hugeuka kuwa utelezi wa silika, na juu ya utelezi huo kalisiamu na fosfeti hujipanga mpaka likawa tabaka la apataiti iliyo ndugu ya ile ya mfupa. Nyuzi za kolajeni hushikamana nalo, na seli zijengazo mfupa hulijia zikidhani ni kwao. Ndiyo maana vitu vya namna hii huitwa vyenye kuamsha uhai. Kioo cha jamii hiyo hiyo kilichotengenezwa Finland, chenye silika 53 kwa mia, kiliongeza faida nyingine, kwamba kiyeyukapo huyageuza maji ya mahali pale kuwa makali kiasi cha kuvizuia vijidudu. Na mtu yeyote aliyewaona watoto wetu wenye usaha wa mfupa, maradhi ambayo katika Afrika ya Mashariki yangali mengi, hana haja ya kuelezwa kwa nini faida hiyo ni kubwa.

Hapa Mswahili wa pwani ana haki ya kuinua mkono. Waungwana wa Shanga, Gedi na Kilwa walijenga misikiti na majumba kwa matumbawe. Yale ya jamii ya Porites waliyakata mabichi katika maji, yangali laini, wakachonga mihirabu na miimo ya milango, yakakauka na kushupaa. Na mengine waliyachoma juu ya rundo la magogo wakapata chokaa. Katika mwongo wa 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha jimbo la Pennsylvania waligundua kwamba vinyweleo vya matumbawe hayo hayo vinalingana na kupitana kwa ndani kama vinavyotakiwa na mfupa, na mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan wakaonyesha namna ya kuigeuza chokaa yake iwe apataiti, kwa moto, kanieneo na fosfeti, pasipo kuliharibu umbo lake. Afrika nayo haikukosa sehemu: mwaka 1991 Ugo Ripamonti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alitoa habari kwamba vipande vya matumbawe yaliyogeuzwa hivyo, vilivyotiwa katika misuli ya nyani, mahali pasipo na mfupa wowote jirani, viliotesha mfupa ndani ya vinyweleo vyake. Umbo tupu, bila dawa yoyote kuongezwa, lilitosha kuuita mfupa! Lakini nisieleweke kuwa nashauri miamba yetu ichimbwe: hifadhi za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968, matumbawe ya mawe yamo katika mapatano ya dunia ya kudhibiti biashara ya viumbe, na joto la bahari la mwaka 1998 liliyaua kwa wingi. Umbo laweza kuigwa kiwandani, na mwamba ukaachwa kwa samaki na wavuvi.

Kioo na matumbawe, hata hivyo, vina aibu moja: huvunjika upesi. Mtu hawezi kuegemeza uzito wa mwili juu ya kitu hicho katika paja lililopasuka. Na hapo ndipo wataalamu walipolazimika kurudi kuutazama mfupa wenyewe, ambao si madini matupu. Yapata theluthi mbili ya uzito wake ni apataiti, na sehemu kubwa ya iliyosalia ni kolajeni, vikashikana kama fito na udongo katika ukuta wa nyumba, udongo ukizuia kubonyea na fito zikizuia kupasuka. Mfupa ukilowekwa katika siki kali kwa siku nyingi, madini yakatoka, hupindika bila kuvunjika; ukichomwa moto, kolajeni ikateketea, hubaki na umbo lake lakini husagika kwa vidole. Mfupa, kwa neno moja, ni mahuluti, na atakaye kuuiga sharti naye achanganye.

Wa kwanza kulifuata jambo hili kwa makini alikuwa William Bonfield wa London, ambaye tangu mwanzo wa miaka ya 1980 alichanganya unga wa apataiti na plastiki ya polithini, akapata kitu kilichotumika katika mifupa midogo ya sikio. Baada yake mchanganyiko umezidi kuwa wa ndani: badala ya kutia punje za kioo katika plastiki kama kokoto katika saruji, kioo hufanywa kwa maji na kemikali, bila tanuri, na wakati kingali uji hutiwa jelatini au polima nyingine itakayoyeyuka mwilini, hivi kwamba vyote viwili hufungamana katika kiasi kidogo kabisa, na kupungua mwilini kwa mwendo mmoja, huku mfupa ukiingia kushika mahali pao. Hench alihamia Imperial College ya London mwaka 1995, na huko wanafunzi wake, Julian Jones akiwa mmojawapo, wameipeleka kazi hii mbele sana. Lengo lao ni kitu ambacho baada ya mwaka au miwili hakitakuwapo, na daktari akipiga picha aone mfupa tu. Nami naona kwamba, kwa njia ndefu iliyopita katika maabara nyingi, wamekaribia itikadi ya yule mganga wa mabanzi.

Turudi Nairobi. Tangu pikipiki ndogo zilipoondolewa kodi mwishoni mwa mwongo wa kwanza wa karne hii, boda boda zimewapa vijana riziki na kuzijaza wodi za mifupa miguu iliyopondeka, ambayo mara nyingi vipande vyake hubaki barabarani. Hospitali za Kikuyu na Kijabe, nje ya mji, zina sifa ya kunyosha viungo vya watoto, na misumari ya vyuma itolewayo na shirika la SIGN, lililoasisiwa Marekani mwaka 1999 kwa ajili ya nchi zisizo na uwezo, imewasimamisha wengi katika Afrika ya Mashariki. Lakini vijazo vya mfupa huja kwa meli na ndege, katika vifuko vidogo vyenye bei kubwa, na wanaovipata kwa urahisi ni wale walio na bima nzuri, ambao si haba kati yao hukaa katika mitaa kama Spring Valley.

Jambo hili hunikera kwa sababu viungo vinne vya kioo cha Hench vimo katika nchi zetu. Mchanga wa silika haukosekani. Chokaa ya pwani ni ya tangu jadi. Magadi yamechimbwa na kampuni katika ziwa la Magadi, kusini ya Nairobi, tangu mwaka 1911. Na fosfeti ipo Minjingu, karibu na Ziwa Manyara katika Tanzania, iliyotokana na mavi na mifupa ya ndege wa ziwa la kale. Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba twaweza kuvitia chunguni kama vilivyo. Magadi yetu yana floridi, fosfeti ya Minjingu ina floridi pamoja na urani, na kioo kitakachokaa ndani ya mwili hakiruhusu uchafu wa namna hiyo hata kidogo. Basi usafishaji ndio nusu ya kazi, na nusu ya pili ni tanuri ya digrii zaidi ya 1,300 na chombo cha platini cha kuyeyushia, mali ambazo chuo kikuu chaweza kuzinunua kwa fedha zisizofikia thamani ya nyumba moja ya mtaa tunaousema. Kikisha kupatikana, kitapimwa kwanza katika maji yaliyotengenezwa kufanana na ya damu, kwa kanuni aliyoiweka Tadashi Kokubo wa Kyoto. Kisha kitaingia katika mfupa wa sungura na wa kondoo, kazi ambayo Kabete haihitaji kufundishwa na mtu. Kisha makaratasi yake yatapelekwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu, yenye mamlaka juu ya vifaa vya tiba nchini. Na atakayekitia bei akumbuke kwamba mshindani wake wodini si kifuko kilichotoka ng'ambo, bali ni kile kipande cha nyonga, ambacho hakiuzwi dukani na ambacho daktari wa Kenyatta ataendelea kukikata maadamu mgonjwa wake hana fedha.